Fundi Anajibu: Betri Gani Iendeshe Mashine ya Kuchomelea Nukta?

Katika toleo lililopita tulieleza namna ya kupima seli za 18650, yaani zile za lithiamu zenye umbo la silinda, zinazotolewa kwenye pakiti chakavu za kompyuta, ili zile nzima zitumike tena. Barua zilizofuata, karibu zote, zimeuliza kuhusu hatua inayokuja baada ya hapo: seli huunganishwa kwa utepe wa nikeli unaoshikizwa kwa mashine ya kuchomelea nukta, na mashine hiyo, ikiwa ni ndogo ya kubeba mkononi, ilishwe umeme na nini? Tumechagua barua tano.

Ndugu Fundi, mimi ni fundi wa vifaa vya sola hapa Morogoro. Natengeneza upya pakiti za betri za taa, redio na pampu za kunyunyizia dawa shambani. Nimenunua bodi ndogo ya kuchomelea nukta ambayo maelezo yake yanasema tu kwamba itumie betri ya volti 12. Ninayo betri ya UPS ya ampea-saa 7, ninayo pia betri ya sola ya lithiamu ya ampea-saa 50, na jirani yangu ananiuzia betri ya gari ya ukubwa wa N50, iliyokwisha kutumika. Utepe wangu wa nikeli una unene wa milimita 0.15. Kazi nyingi ziko vijijini na huwa nasafiri kwa pikipiki. Nichague ipi?

Ndugu msomaji, kati ya betri hizo tatu, ile ambayo bila shaka unaithamini kuliko zote, yaani ya lithiamu ya ampea-saa 50, ndiyo isiyokufaa kabisa, na sababu yake nitaieleza. Kwanza tuelewane juu ya kile ambacho mashine hii inakihitaji, kwa kuwa wengi huichagulia betri kama wanavyochagua betri ya kuwasha taa usiku kucha, kwa kutazama ampea-saa zilizoandikwa ubavuni, na hapo ndipo wanapopotea.

Kuchomelea nukta ni kazi ya joto linalozaliwa pale mkondo wa umeme unapolazimishwa kupita penye ukinzani. Mwingereza James Prescott Joule alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba joto hilo hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, maana yake mkondo ukiongezeka maradufu, joto huongezeka mara nne. Elihu Thomson alipopata hati miliki za kuunganisha metali kwa njia hiyo nchini Marekani, katika miaka ya 1880, mashine zake zilikuwa kubwa za kiwandani. Ya kwako ni ndogo kama kitabu, lakini kanuni ni ile ile. Kwa utepe wa nikeli wa milimita 0.15 juu ya seli ya 18650 unahitaji mkondo wa ampea 700 hadi 1,200 hivi, kwa muda wa milisekunde 5 hadi 15. Muda huo ni mfupi sana, na ufupi wake ndio unaoiokoa seli: ukilehemu kwa risasi, joto la pasi hukaa kwa sekunde kadhaa na kupenya hadi ndani, likaharibu vizibo na utando unaotenganisha chanya na hasi, ilhali nukta iliyochomelewa vizuri hupoa kabla joto halijasafiri mbali.

Sasa piga hesabu ya umeme unaotumika. Ampea 1,000 kwa milisekunde 10 ni ampea-sekunde 10 tu. Ampea-saa moja ina ampea-sekunde 3,600, kwa hiyo inatosha mapigo 360. Pakiti ya seli 40, ukipiga mapigo manne kila upande wa seli, inahitaji mapigo 320, na hapo bado hujamaliza hata ampea-saa moja. Ndiyo maana nasema ampea-saa si kipimo cha kazi hii. Simtanki la lita 5,000 lenye koki ya nusu inchi haliwezi kuzima moto kama ndoo moja inayomwagwa kwa mkupuo. Unachotafuta ni upana wa koki, na upana wa koki ya betri hupimwa kwa ukinzani wake wa ndani.

Chukua betri yako ya UPS. Betri ya aina hiyo ya ampea-saa 7, ikiwa mpya, ina ukinzani wa ndani wa miliomu (sehemu za elfu za omu, kipimo cha ukinzani) 20 hadi 25 hivi. Kebo, bodi, ncha za shaba na nikeli yenyewe, kwa pamoja, huongeza miliomu 5 ikiwa umefunga kazi yako vizuri. Betri iliyojaa ina volti 12.6, ukizigawa kwa miliomu 30 unapata ampea 420. Betri ya gari N50 iliyo nzima ina ukinzani wa miliomu 6 au chini yake, na kwa hesabu hiyo hiyo unapata zaidi ya ampea 1,100. Tofauti inaonekana kama si kubwa sana mpaka ukumbuke ile habari ya kipeo cha pili: betri ya UPS itazalisha, pale penye nukta, joto ambalo ni karibu sehemu moja ya saba ya lile la betri ya gari. Mimi mwenyewe nilianza na betri ya UPS kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Nikeli ilipata moto, ikabadilika rangi vizuri tu, nikajipongeza, kisha nikaibandua kwa ukucha. Kuongeza muda wa pigo hakusaidii, maana joto linalokuja polepole huwahi kutawanyika kwenye utepe na kwenye seli, na mwishowe unaipika seli bila kuyeyusha chochote.

Nirudi kwenye ile ya lithiamu. Betri za sola za aina hiyo zina bodi ya ulinzi ndani ya kasha, na kazi ya bodi hiyo ni kukata umeme mara inapoona mkondo unaofanana na shoti. Kwa betri ya ampea-saa 50, kikomo chake kwa kawaida ni ampea 50 au 100. Pigo la ampea 1,000 ndiyo shoti yenyewe, kwa hiyo bodi itakata kila unapokanyaga kanyagio, na siku moja inaweza kushindwa kukata ikaungua, ukawa umepoteza betri ya gharama kubwa. Usifikirie kuifungua na kuikwepa bodi hiyo. Ndiyo sababu hiyo hiyo pawabenki na pakiti za drili hazifai.

Betri ya gari basi ndiyo jibu la mezani. Iwe ya kuwashia injini, kwa sababu hizo hujengwa kwa bamba nyingi nyembamba ili zitoe mkondo mkubwa kwa muda mfupi, tofauti na betri za risasi za sola zenye bamba nene, zilizokusudiwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ubavuni mwa betri nyingi za gari pameandikwa herufi CCA na tarakimu mbele yake, yaani mkondo ambao betri inaweza kuutoa kwa sekunde 30 katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Nyuzi hizo hazitufiki hapa, lakini tarakimu hiyo inakuwezesha kulinganisha betri mbili, na kwa kazi yako tafuta 350 na kuendelea.

Kabla hujampa jirani fedha zake, ipime. Ichaji mpaka ijae, iache ipumzike saa kadhaa, pima volti, kisha unganisha taa mbili za mbele za gari za wati 55 kila moja, ambazo kwa pamoja huvuta ampea 9 hivi. Subiri sekunde mbili tatu, pima tena papo hapo kwenye vichwa vya betri na si kwenye waya. Volti zikishuka kwa 0.1 au pungufu, betri bado ina nguvu. Zikishuka kwa 0.2 au zaidi, mwachie jirani betri yake. Ni makadirio tu, kwa sababu sehemu ya mshuko huo husababishwa na kemia na wala si ukinzani mtupu, lakini yanatosha kukuepusha na hasara.

Tatizo la betri ya gari unalijua kabla sijakuambia: ina zaidi ya kilo kumi na ina tindikali, na pikipiki kwenye barabara ya vumbi si mahali pake. Kwa safari, mimi ningekushauri betri ya lithiamu-polima ya seli tatu, zile zinazotumika kwenye ndege na magari ya kuchezea yanayoongozwa kwa redio, yenye miliampea-saa 5,000 na iliyoandikwa 50C au zaidi. Herufi C humaanisha mara ngapi ya ujazo wake betri inaweza kutoa kwa mfululizo; 50C kwa ampea-saa 5 ni ampea 250. Usishtuke kuona ni pungufu ya zile 1,000, kwa kuwa kikomo hicho ni cha mkondo wa mfululizo, nasi tunazungumzia sehemu ya mia ya sekunde. Shtuka badala yake kwa jambo jingine, nalo ni kwamba watengenezaji wa bei rahisi huandika C wanayoipenda. Nimewahi kushika pakiti iliyoandikwa 100C ambayo ilishindwa na ya 45C ya mtengenezaji makini. Chaja nyingi za betri hizi hupima ukinzani wa kila seli. Miliomu 2 hadi 3 kwa seli ni nzuri. Seli tatu pamoja na waya zake zikikupa miliomu 8, mkondo wako utakuwa karibu ampea 970, nao unatosha kwa nikeli ya 0.15. Betri nzima haifiki nusu kilo.

Ila betri hii haina bodi ya ulinzi, na ndiyo maana inatufaa na ndiyo maana inaogofya. Seli isipite volti 4.2 inapochajiwa wala isishuke chini ya 3.3 inapokuwa imepumzika. Tumia chaja inayosawazisha seli, juu ya sakafu ya saruji, ukiwa upo. Usipoitumia kwa siku kadhaa iache kwenye volti 3.8 kwa seli. Usiiache kwenye boksi la pikipiki juani. Ikivimba, kazi yake imekwisha, hata kama bado inatoa umeme.

Jambo ambalo mafundi hulidharau ni kebo. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 10 ina ukinzani wa miliomu 1.8 kwa mita, ya 16 ina 1.1, na ile ya 2.5 inayotandazwa ukutani kwa ajili ya soketi ina zaidi ya miliomu 7. Ukitumia mita moja tu ya hiyo ya mwisho umekwisha kuzidisha maradufu ukinzani wote wa nje, na betri nzuri itafanya kazi kama mbovu. Chukua ya 16 ikiwa unaipata, isipatikane chukua ya 10, kila kipande kisizidi sentimita 40 au 50, na vichwa vyake vibanwe kwa nguvu badala ya kuzungushwa kwenye skrubu. Kiungio cha njano cha XT60 kimekusudiwa ampea 60 za mfululizo. Kitavumilia mapigo, lakini kikianza kupata joto hamia XT90.

Na kabla hujailaumu betri, chunguza utepe wako. Nikeli safi ina ukinzani wa karibu mara nne ya shaba, ndiyo maana inachomeleka kirahisi ilhali shaba inasumbua; chuma kilichopakwa nikeli kina ukinzani mkubwa zaidi, kinachomeleka kirahisi kupita kiasi, kisha kinakula umeme wa mteja wako na kushika kutu. Sumaku haitakusaidia kuvitofautisha kwa sababu huvuta vyote viwili. Kwaruza kipande, kitie kwenye maji ya chumvi, kiangalie kesho yake. Vilevile, kata mwanya mwembamba katikati ya utepe, kati ya ncha mbili za mashine, ili mkondo usipite njia ya mkato juu ya utepe bali ulazimike kushuka kwenye seli na kurudi. Mwanya huo peke yake umewahi kunifanya niahirishe kununua betri kubwa zaidi.

Fundi, rafiki yangu amenishauri niachane na betri na badala yake nitumie transfoma ya oveni mbovu ya maikrowevu, niiunganishe na invata yangu ya sola ya wati 1,000, ili niweze kuchomelea popote. Wewe unasemaje? – Msomaji, Mwanza

Rafiki yako hakukosea kabisa, kwa maana transfoma hiyo ni chanzo kizuri kwa mtu mwenye umeme wa uhakika wa volti 230 na meza isiyohama. Hukatwa koili yake ya volti nyingi, na mahali pake huzungushwa kebo nene mizunguko miwili au mitatu ili itoe volti 2 hivi kwa mamia ya ampea. Ina kilo nne au tano, na kwa kuwa umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, muda wa pigo hupangwa kwa hatua za milisekunde 10, yaani nusu wimbi, jambo ambalo ni pana mno kwa nikeli nyembamba ya 0.1 iliyo juu ya seli ndogo.

Invata ndiyo inayoharibu wazo lenyewe. Ampea 800 kwa volti 2 ni wati 1,600 kabla ya kuhesabu upotevu, na transfoma ya namna hii, kila inapowashwa, huvuta mkondo wa ghafla ambao invata ya wati 1,000 itauona kuwa ni shoti na kujizima. Ungekuwa unachukua umeme wa betri ya volti 12, unaupandisha hadi 230, kisha unaushusha hadi 2, huku betri yenyewe ingeweza kuifanya kazi hiyo moja kwa moja.

Kuna neno moja zaidi, na hili nalisema kwa kila anayesoma hata kama hana mpango wa kuchomelea. Ndani ya oveni ya maikrowevu mna transfoma ya volti 2,000 na kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi umeme, inayoweza kubaki na chaji baada ya plagi kuchomolewa. Umeme huo haukutikisi mkono na kukuachia kama ule wa ukutani unavyofanya kwa bahati, huua. Mtu ambaye hajawahi kufundishwa namna ya kuitoa chaji ile kwa usalama asiifungue oveni.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo cha ufundi, Bukoba. Nimesoma kwamba superkapasita zina ukinzani mdogo kuliko betri yoyote. Je, mbili za farad 3,000 na volti 2.7 kila moja zitatosha?

Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha kwa sababu umekwenda moja kwa moja kwenye ukinzani. Ni kweli: superkapasita halisi ya ukubwa huo ina ukinzani ulio chini ya nusu miliomu. Ukiziunga mbili kwa mfuatano unapata volti 5.4 na farad (kipimo cha ujazo wa kapasita) 1,500, na nishati yake, ambayo ni nusu ya farad zidisha volti kipeo cha pili, inakaribia juli 22,000. Nukta moja yenyewe inahitaji juli 20 hadi 50, na hata ukijumlisha zile zinazopotea njiani, nishati haitakusumbua.

Litakalokusumbua ni volti. Ili upate ampea 1,000 kutoka kwenye volti 5.4, ukinzani wa njia nzima usizidi miliomu 5.4, na nusu yake au zaidi tayari imo kwenye ncha, nikeli na mosfeti, yaani swichi za kielektroniki zilizo kwenye bodi. Kebo ambazo kwa betri ya volti 12 zingesamehewa, hapa hazisameheki. Anza na milimita za mraba 25 na uzifupishe kadiri mkono unavyoweza kufika. Pili, mosfeti huhitaji volti kumi hivi kwenye lango lake ili ifunguke sawasawa, kwa hiyo bodi ilishwe kwa chanzo kingine kidogo badala ya zile 5.4. Tatu, kapasita tupu ikiunganishwa na betri huvuta umeme kama shoti, basi ichajiwe kwa chaja yenye kikomo cha mkondo: kwa ampea 5 utasubiri dakika 27 kutoka sifuri hadi kujaa. Na kila moja iwe na bodi ya kusawazisha, kwani ikipita volti 2.7 huanza kuharibika hata kama jumla inaonekana sawa.

Sifa yake kubwa ni kwamba haizeeki upesi na haiwaki moto kama lithiamu-polima. Kwa mwanafunzi anayetaka kujifunza ningeichagua. Kwa fundi anayefika kijijini mchana na mteja anamsubiri, zile dakika 27 ni nyingi. Ila nunua kwa muuzaji anayekuruhusu kupima, maana sokoni zipo kopo za alumini zenye maandishi makubwa na kapasita ndogo ndani.

Assalaam aleikum, Fundi. Naishi Muscat na mwezi ujao narudi Unguja. Ndugu yangu ameniagizia betri ya lithiamu-polima ya seli tatu, miliampea-saa 5,000, kwa mashine kama hiyo. Nitaruhusiwa kupanda nayo ndege?

Waaleikum salaam. Betri hiyo ina volti 11.1 na ampea-saa 5, yaani wati-saa 55.5. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga huruhusu abiria kubeba betri za lithiamu zisizozidi wati-saa 100 kwa matumizi yake, na zile za kati ya 100 na 160 huhitaji kibali cha shirika la ndege. Betri isiyofungwa ndani ya kifaa lazima iwe kwenye mkoba unaoingia nao ndani, kamwe isiwe kwenye mzigo unaopelekwa chini. Ziba vichwa vyake kwa utepe wa plastiki, iweke kwenye mfuko wake peke yake, isiwe imejaa chaji, na uliulize shirika lako mapema kwa sababu mengine yana masharti makali zaidi ya hayo. Hakikisha wati-saa zimeandikwa juu yake, la sivyo utabishana na mkaguzi huku watu wamepanga foleni nyuma yako.

Fundi, nina bodi ya bei nafuu na betri ya gari N70 iliyo mpya. Kebo zangu ni za mita moja na nusu ili nifike kila upande wa meza. Mosfeti zimeungua mara mbili, na mara ya pili ncha ziliendelea kutoa moto hata baada ya kuachia kanyagio. Betri ni dhaifu? – Msomaji, Nakuru

Betri yako si dhaifu, bodi ndiyo iliyozidiwa. Bodi za bei nafuu zina mosfeti chache, na betri mpya ya N70 inaweza kuzipitishia mkondo mkubwa kuliko zilivyokusudiwa. Katika hali hiyo betri ndogo kidogo ni bora kuliko kubwa. Lakini nadhani mkosaji mkuu ni urefu wa kebo. Mkondo unaopita kwenye kebo ndefu ni kama matatu iliyojaa abiria wanaosimama: dereva akifunga breki ghafla, wote hutupwa mbele. Mosfeti inapokata ampea elfu moja kwa ghafla, kebo huendelea kusukuma, na volti huruka mbali juu ya 12 kwa muda mfupi sana, zikapita kikomo cha mosfeti ambacho mara nyingi ni 30 au 40. Fupisha kebo hadi nusu mita, zilaze bega kwa bega na kuzifunga pamoja ili zisiachiane nafasi, kisha hakikisha bodi ina diodi za kukandamiza mruko wa volti.

Kisa cha kinyume pia kipo, nacho huwapata wenye betri mbovu: volti zikishuka sana wakati wa pigo, lango la mosfeti halipati nguvu ya kulifungua lote, nayo hubaki nusu wazi na kujiunguza. Kwa hiyo atakayebadili betri abadili kwa sababu amepima.

Kuhusu moto uliokataa kuzima, mosfeti ikiungua, mara nyingi hubaki imeunga, haikati tena, na ncha zako zinakuwa zimeunganishwa na betri moja kwa moja. Weka swichi ya kukatia betri, ya zile za magari makubwa, mahali ambapo mkono wa kushoto unaifikia bila kutafuta, na vua pete na saa kabla ya kuanza. Volti 12 hazitakurusha, lakini pete ikigusa vichwa viwili kwa wakati mmoja itakuwa nyekundu ikiwa bado kidoleni.

Utakapotengeneza, badilisha mosfeti zote kwa pamoja na usiache zile zilizoonekana kupona, kwa maana zilipata kipigo kile kile. Kisha usiiunganishe bodi na N70 papo hapo. Weka taa ya breki ya wati 21 katikati ya waya wa chanya, gusanisha ncha mbili za shaba, ndipo uwashe. Taa ikae giza; ukikanyaga kanyagio imemete kidogo kama kimulimuli, pengine usiione kabisa. Ikiwaka kabla hujakanyaga, kuna mosfeti iliyounga, na bodi irudi mezani.